Sponji ya Kiti cha Nyuma

Siku za mazoezi, nyumba ile huamka na kelele zake. Bibi anaulizia miwani. Redio anatafuta kiatu kimoja. Jikoni maji yanachemka mpaka yanamwagika, na hakuna mwenye mkono mtupu wa kuyaipua.

Redio ni mtoto wa kike wa nyumba ile, yuko darasa la pili. Jina hilo amepewa kwa sababu hazimiki. Habari ikimwingia sikioni, itatangazwa tu. Bibi ni mama mzazi wa baba yake. Kwa miaka mingi Bibi aliishi peke yake, akajipikia, akajifulia, na akawagombeza majirani bila kuomba msaada wa mtu. Kisha kiharusi kikampiga, kikamlegeza upande wote wa kulia. Ndipo mwanawe akamleta kuishi naye.

Mwana huyo ni mwoka mikate. Mkewe ni fundi wa makochi. Karakana yake ni banda lililo ubavuni mwa nyumba: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na sponji zimerundikwa mpaka darini. Mtaani wanamwita Mama Makochi, nasi tumwite hivyo hivyo.

"Mama, tuanze na mkono huu," Mama Makochi alimwambia mkwewe, akimvisha sweta.

"Nimeanza kuvaa sweta kabla hujazaliwa."

"Najua, Mama. Sweta lenyewe ndilo limesahau."

Bibi alicheka. Upande mmoja wa uso ulikuwa bado mzito, lakini Mama Makochi alishajifunza kuangalia ule upande mwingine.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alikuwa amewaambia waziwazi. "Mguu huu haujafa. Umesahau kazi tu, na tunaweza kuufundisha upya. Mleteni mara mbili kila wiki, msiruke. Mkiacha, utakakamaa, na hapo itakuwa vigumu sana Bibi kutembea tena."

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya bonde, juu ya mlima mrefu. Kwa ajili ya mlima ule, familia ilinunua gari.

Lilikuwa gari dogo la familia, la milango minne, lililotumika, lakini bado linang'aa. Tena lilikuwa gari la haibridi. Gari la haibridi lina injini ya petroli kama magari mengine, lakini pia lina mota ya umeme na betri kubwa. Mara injini inavuta, mara mota inavuta, mara vyote viwili vinasaidiana kama mume na mke waliopatana. Kwa hiyo halinywi mafuta mengi. Baba Redio alikagua rangi, akapiga mateke matairi, akasikiliza muziki, akalipa. Betri hakumpimisha mtu. Nani angemwambia kwamba hupimwa?

Siku ya kwanza alibonyeza kitufe cha kuwasha. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya.

"Tumeuziwa gari bovu," alisema, jasho likimtoka.

"Baba," Redio akamwambia kutoka nyuma, "mbona taa za mbele yako zinawaka na kuzima?"

Kumbe lilikuwa linawaka tangu mwanzo. Alikuwa analiwasha na kulizima mwenyewe. Magari haya yakiondoka kwa umeme hayapigi kelele. Redio akalibatiza papo hapo: Kimya. Na kila waliposhuka, Mama Makochi alihakikisha kwa macho kwamba limezimwa, maana masikio hayakusaidia.

Kwa kuwa mumewe alilala mchana baada ya kuoka usiku kucha, Mama Makochi ndiye aliyemwendesha Bibi hospitalini. Safari ya kwanza alimwona Bibi akikunja uso wakati wa kukaa.

"Kiti kigumu, Mama?"

"Cha kawaida tu."

Fundi wa makochi haambiwi kiti ni cha kawaida tu akakubali. Siku ile ile alichagua sponji nene kuliko zote bandani. Akaikata, akaishonea kava la kitambaa laini cha bluu, akaitandika juu ya kiti chote cha nyuma, kuanzia mlango mmoja hadi wa pili. Ubavuni mwa kiti, karibu na mlango, alikuta plastiki yenye matundu membamba. Ilimharibia mshono. "Na hii ni ya nini?" alijiuliza. "Ya kuingizia vumbi." Akavuta kitambaa juu yake, akakikaza kwa mkanda, mambo yakanyooka.

Baba Redio alipokiona alikaa, akajilaza, akafumba macho. "Mke wangu, hiki kinashinda kitanda chetu."

Mama Makochi alifurahi sana. Hakuwa na maneno mengi ya mapenzi. Yake yote aliyashona.

Wiki za mwanzo Kimya alikwenda vizuri. Kisha ukaanza mlio nyuma ya kiti, fuu, fuu, kama mtu anayepuliza chai.

"Nyuma kuna mtu anapumua," Redio akatangaza.

Wakacheka wote. Mlio ukazidi. Mafuta nayo yakaanza kwisha upesi, na injini, iliyokuwa ikipumzika kila mara, sasa ilinguruma njia nzima. Mama Makochi alijiambia kwamba ni joto la siku hizi. Hakumwuliza mtu.

Basi siku moja, katikati ya mlima, jua kali, Bibi yuko nyuma amezama kwenye sponji yake. Taa nyekundu ikawaka mbele ya usukani. Gari likaishiwa nguvu. Mama Makochi alikanyaga mafuta mpaka mwisho, nalo likatambaa tu. Nyuma malori yakapiga honi. Alilisogeza pembeni, akalizima.

Saa ya mazoezi ilipita wakiwa pale, chini ya kivuli cha ukuta. Mama Makochi alimpepea mkwewe kwa kipande cha boksi.

"Nimewachosha," Bibi alisema.

"Usiseme hivyo, Mama."

"Nasema kilichopo."

Gari lilipopoa lilikubali kuwaka, wakarudi nyumbani pole pole.

Jioni Baba Redio alimwita fundi wa kona, kijana anayetengeneza pikipiki na magari ya zamani. Fundi alifungua boneti, akatikisa kichwa.

"Betri kubwa imekufa hii. Magari haya ndivyo yalivyo. Mnunue nyingine, au kesho nije na spana zangu niifungue, niangalie ndani."

Akataja bei ya betri mpya. Baba Redio alishika kiuno, akaangalia chini.

"Hiyo hatuiwezi," alimwambia mkewe walipobaki wawili. "Afadhali tuliuze likiwa bado linatembea."

"Na Mama atakwendaje hospitali?"

"Sijui, mke wangu. Kweli sijui."

Walidhani wako peke yao. Redio alikuwa nyuma ya mlango, na mnajua tena Redio. Wakati wa kula, Bibi alisukuma sahani yake kando kwa mkono wa kushoto.

"Nimesikia gari linauzwa. Liuzeni, ni sawa. Mimi hospitali sirudi tena. Mguu huu umenitembeza miaka mingi, umefanya kazi yake. Nirudisheni kwangu nikae."

"Mama, kwako utaishije peke yako?" mwanawe aliuliza.

"Nitakaa. Si kukaa tu?"

Mama Makochi alitoka nje kama anayefuata maji. Aliingia bandani, akasimama katikati ya marundo ya sponji, akalia. Alimpenda mama yule. Alimpenda kwa ukali wake na kwa vichekesho vyake, na hakutaka kumwona akikaa kwenye kiti kimoja akingoja siku zipite.

Asubuhi yake alifika mteja. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, dereva wa teksi, ambaye kila mtu humwita Mama Teksi. Ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Hakuna swali la magari ambalo hajawahi kulijibu, hata lile ambalo hakuulizwa. Alileta kiti cha dereva kilichochanika.

"Nishonee hiki, jirani. Macho yamekuvimba, kuna nini?"

Mama Makochi alijaribu kusema hakuna kitu. Akashindwa. Akamweleza yote: taa nyekundu, mlima, betri iliyokufa, na Bibi.

"Betri imekufa, nani kasema?"

"Fundi wa kona."

"Ameipima kwa nini?"

"Ameangalia."

"Ameangalia." Mama Teksi alivuta pumzi. "Mimi naendesha haibridi kama hilo lenu mwaka wa ngapi sasa, kutwa nzima barabarani. Betri haipimwi kwa macho. Niambie, nyuma mlisikia feni ikilia kwa nguvu?"

"Fuu, fuu. Kama mtu anayepuliza chai."

"Twende."

Mama Teksi alifungua mlango wa nyuma wa Kimya. Akasimama kwanza, akapapasa kitambaa cha bluu.

"Umeshona wewe?"

"Mimi."

"Kazi nzuri. Kazi nzuri kweli kweli." Kisha akapitisha mkono ubavuni mwa kiti, juu, chini, akitafuta. "Tundu liko wapi?"

"Tundu gani?"

"La hewa. La plastiki, lina matundu membamba."

Mama Makochi alionyesha ulipo mkanda. "Nimelifunika. Nilidhani linaingiza vumbi."

Mama Teksi alifungua mkanda, akafunua kitambaa taratibu. Tundu lilikuwa limejaa nyuzi na manyoya ya sponji.

"Sikiliza, jirani," alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Betri kubwa imekaa hapa, nyuma ya mgongo wa abiria. Ikifanya kazi inapata joto, kama wewe ukipanda mlima. Kwa hiyo imewekewa feni. Feni inavuta hewa ya humu ndani kupitia tundu hili, inaipoza. Ukiziba tundu, feni inapiga kelele bure na betri inachemka. Gari nalo si jinga. Likiona betri inachemka, linawasha taa na kupunguza nguvu ili lisiiharibu."

"Na mafuta? Yalikuwa yanakwisha haraka."

"Kwa sababu injini ilibaki kubeba mzigo peke yake."

"Kwa hiyo ni mimi," Mama Makochi alisema. "Mimi ndiye niliyemkatisha Mama mazoezi."

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu. Lakini usijipige. Mwenzio nilikuwa nawapakilia abiria mabegi hapo hapo kwenye tundu, mpaka taa ikaniwakia nikiwa na bwana harusi ndani. Hakuna aliyezaliwa anajua."

Wakati huo fundi wa kona akatokea na spana zake. Baba Redio alikuwa amemfuata nyuma, macho mazito ya usingizi. Fundi aliinama moja kwa moja kuelekea kwenye betri. Mama Teksi akaweka mguu mbele yake.

"Unaziona nyaya hizi za rangi ya chungwa?"

"Naziona."

"Unajua zina nini?"

"Umeme."

"Umeme wa kuua. Hata gari likiwa limezimwa, ndani ya betri umeme umo. Una glavu za umeme? Umesomea betri hizi?"

Fundi wa kona alijikuna kisogo. Alikuwa kijana mkweli. "Kusema haki, hizi bado sijasomea."

"Basi kuuliza si ujinga. Twende wote kwa anayezijua, nawe ukaone kwa macho yako."

Wakatoa sponji yote, wakaacha madirisha wazi, wakaenda pole pole. Gereji ile ilikuwa ng'ambo ya soko. Fundi wake, mzee kidogo, alichomeka kompyuta ndogo chini ya usukani, akasoma, akasoma tena. Baba Redio alimkodolea macho kama anayengoja matokeo ya mtihani.

"Betri ni nzima," fundi alisema hatimaye. "Imezeeka kidogo, kama mimi. Lakini ina maisha bado. Kilichoziba ni njia ya hewa."

Baba Redio alikaa juu ya tairi. Akajifuta uso kwa kofia yake, akaiacha hapo hapo usoni kwa muda.

Fundi alivaa glavu nene zinazofika kwenye viwiko, akaizima njia ya umeme mkubwa, akaitoa feni. Ilikuwa imevaa sweta la manyoya ya bluu. Akaisafisha kwa brashi na hewa, huku akimwelekeza fundi wa kona kila hatua.

"Msiweke nguo, begi wala mto kwenye tundu," aliwaambia. "Mara kwa mara lifyonzeni vumbi kwa nje, na mkija kwenye matengenezo mwambieni fundi asafishe na feni. Taa nyekundu ikiwaka, simameni mahali salama, mlete gari lipimwe. Msinunue betri kwa kusikia maneno. Na siku mkinunua haibridi nyingine iliyotumika, betri ipimwe kwanza, ndipo mtoe pesa."

"Hilo nimelielewa," Baba Redio alisema.

"Tena kwenye mteremko, kanyaga breki mapema na kwa upole. Gari likipunguza mwendo hivyo, linarudisha umeme kwenye betri. Ukikanyaga ghafla, faida nyingi inapotea."

Mama Teksi aliitikia kwa kichwa kila neno, kana kwamba ni yeye aliyeyaandika.

Nyumbani, Mama Makochi hakuingia bandani. Alikwenda chumbani kwa Bibi, akakaa ukingoni mwa kitanda. Njia nzima alikuwa akiogopa maneno haya.

"Mama, gari halikuwa bovu. Ni mimi niliyeliharibu. Ile sponji yangu iliziba hewa ya betri. Nisamehe."

Bibi alimwangalia. "Umeitoa?"

"Nimeitoa."

"Yote?"

"Yote, Mama."

Bibi akashusha pumzi ndefu. "Afadhali."

"Afadhali?"

"Ilikuwa inanimeza, mwanangu. Nikikaa naenda chini. Nikitaka kuinuka, mkono hauna pa kusukumia. Kila safari mnanitoa garini kama gunia. Nikajiambia, mazoezi yote haya, mbona siwezi hata kuinuka? Nikaona basi, mimi siponi. Nawatesa bure."

Mama Makochi alimsogelea. "Na hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Umenishonea kwa mikono yako. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kunishonea kiti."

Mama Makochi aliushika ule mkono wa kulia, uliokuwa mlegevu, akauweka shavuni mwake. Wote wawili walikuwa wanalia, na Bibi, kwa nusu ya mdomo, alikuwa anacheka pia.

"Tukubaliane, Mama. Kitu kikikukera, niambie. Hata kama nimekishona mimi."

"Kuanzia sasa?"

"Kuanzia sasa."

"Basi chai yako haina sukari. Siku zote haina."

Siku ya mazoezi iliyofuata walipanda garini wote. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, kigumu kama kilivyotoka kiwandani. Redio alipewa kazi ya kulinda tundu, na alimkataza kila mtu kuweka hata leso. Kimya alipanda mlima bila kuhema, injini ikipumzika na kuamka, kama ilivyokuwa siku za mwanzo.

Mbele ya hospitali Mama Makochi alizima gari, akafungua mlango wa nyuma, akanyoosha mikono yote miwili kumvuta mkwewe kama kawaida.

"Ngoja," Bibi alisema. "Usinishike."

Aliutoa mguu wa kushoto nje. Akaubeba wa kulia kwa mkono, akauweka chini kando ya mwenzake. Akabandika kiganja chake cha kushoto kwenye kiti, akasukuma. Hakuinuka. Mtaalamu wa viungo alikuwa amesimama mlangoni. Aliona, wala hakukimbia kusaidia. Bibi akavuta pumzi, akasukuma tena, na kiti kile kigumu kikamrudishia nguvu zake. Mgongo ukanyooka. Mkono ukashika mlango. Akasimama.

Mama Makochi bado alikuwa mbele yake, mikono imenyooka, machozi yanamtiririka, hajui acheke au alie.

"Umesimama njiani," Bibi alimwambia. "Sogea, nipite."

Akasogea.